Namba ya Simu Chini ya Ombi

Jumamosi, Bungoma. Mvua imeanza kabla ya chakula cha mchana na bado haijakatika.

Niko kwa Khocha, ndugu ya mama yangu, tangu shule zifungwe. Mama alinituma kutoka Kitale nije nimsaidie na tovuti ya kanisa. Khocha ndiye katibu wa kanisa, na tovuti aliitengeneza mwenyewe kwa programu huria, zile za bure ambazo mtu yeyote anaweza kuzichukua na kuzibadilisha. Anaringa nayo kweli. Kazi yangu ilikuwa kuangalia kama inafuata sheria ya ulinzi wa data, maana mchungaji alisikia hata makanisa yanaweza kushtakiwa na akaingiwa na baridi.

Hiyo kazi naijua. Kwenye jukwaa la mtandaoni la watumiaji wa programu hiyo huwa nawajibu wasimamizi wa tovuti, kwa Kiingereza na Kiswahili: weka ilani ya faragha, mwambie mtu unataka data yake ya nini, akisema ifutwe, futa. Kuna mzee mmoja huko huniita "sir". Sijawahi kumsahihisha. Huko nina maneno. Mbele ya watu, hata kuagiza chapati nashindwa.

Leo nilifungua ukurasa wa maombi. Mtu anajaza jina, simu, mahali anapokaa, na jambo analotaka aombewe. Nilidhani yanaenda kwa katibu peke yake. Kumbe yote yako wazi, dunia nzima inasoma.

Moja lilikuwa la mama ambaye sitamtaja, na hata mji ninaouandika hapa sio wenyewe. Aliomba Mungu amlinde na mume wake. Ametoroka na watoto, wanakaa kwa dadake Kitale, nyuma ya soko, na huyo mume ameapa atawatafuta mpaka awapate. Jina lake lote liko hapo. Chini yake, namba ya simu.

Nikalitafuta hilo jina mtandaoni, vile mume wake angelitafuta. Ombi likatokea juu kabisa.

Khocha alikuwa ameketi mbele yangu akinywa chai. Na mimi, badala ya kufungua mdomo, nikamtumia ujumbe. Simu yake ikalia. Akaitazama, halafu akanitazama.

"Si uko hapa? Umekuwa bubu?"

Nikamgeuzia kompyuta. Akasoma, na akashindwa kuona shida iko wapi.

"Lakini si haya ndiyo tunasoma pale mbele kila Jumapili? Mtu anasimama, anataja shida yake, kanisa lote linabeba. Ombi bila jina nitamwombea nani, bana?"

Hapo ndipo nikaelewa. Programu ilikuwa imeyaficha maombi tangu mwanzo. Ni yeye aliyeingia kwenye mipangilio akayafungua, kwa roho safi, ili hata washirika walio mbali, Misikhu na Cheptais, waombe pamoja na wengine. Sikuweza kumkasirikia. Nikatafuta maneno ya sheria, yale ninayoandika kila siku, yakakataa kuja. Likaja swali moja tu.

"Khocha, mume wake hana simu?"

Akaweka kikombe chini.

Hata hivyo akasema lazima mchungaji atoe ruhusa kwanza. Akapiga. Mteja hapatikani, mchungaji yuko matangani. Akapiga tena. Mteja. Kila akiweka simu sikioni nilikuwa naona mtu fulani mahali fulani akisoma yale maneno: "nyuma ya soko".

"Funga, Khocha! Funga sasa!"

Nadhani nilipiga kelele, maana kuku waliojificha mvua chini ya meza walitoka mbio.

Akafunga.

Lakini nikitafuta jina, maneno ya kwanza ya ombi bado yanatokea. Nimewaandikia wenye mtambo wa kutafuta wayaondoe. Naandika hii huku nikiangalia tena na tena. Bado.

Na kuna sehemu nyingine ya sheria. Data ikivuja na mtu anaweza kuumia, ofisi inayosimamia data inaarifiwa, na mwenye data mwenyewe pia anaambiwa. Khocha atawaandikia ofisi. Mwenyewe je?

"Mpigie wewe. Akisikia sauti ya mwanaume kwa namba asiyoijua, atakata."

Khocha alisema ukweli, na nilimchukia kidogo kwa sababu hiyo.

Nikapiga. Yule mama akashika. Hakusema hata halo.

"Nani amekupa hii namba?"

Yote niliyokuwa nimepanga yakaniruka. Nikamwambia tu vile ilivyo: "Ni kwa tovuti ya kanisa, mama. Ombi lako lilikuwa linaonekana na kila mtu. Tumelifunga. Makosa ni yetu."

Nikasikia redio, na mtoto akicheka. Halafu akasema polepole, "Tangu jana kuna namba inanipigia. Nikishika, hainiongeleshi."

Kwenye jukwaa huwa nina jibu.

Akamwambia mtoto alete viatu. Akaniambia wanahama leo, na dadake pia, hakuna kungoja mvua iishe. Akanishukuru, asante ya haraka haraka. "Na mwambie katibu aendelee kuniombea, lakini kimya kimya."

Swali lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikafunga mdomo mpaka alipokata.

"Amesema wanaenda wapi?" Khocha akauliza.

"Sijamuuliza."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu.

Kesho nitaamka bila kujua walilala wapi. Nataka kujua, nataka sana. Sitauliza.