Kwa Yaya Bertin, kuhusu kisima cha Mama

Likasi, mtaa wa Kikula,
tarehe 3 Novemba 2024

Mpendwa kaka yangu mkubwa, yaya Bertin,

Nakusalimu kwa furaha, wewe na shemeji Reine na watoto. Mko salama huko Mbeya? Ule mguu ulioumia kwenye lori umepona kweli, au bado unachechemea na kuficha? Nijibu hilo kabla ya mengine yote. Sisi huku tu wazima. Mvua imeanza, vumbi limelala, na Mama anapumua vizuri usiku.

Najua watoto wako hucheka Kiswahili chetu cha Katanga, kwa hiyo najikaza kuandika kile cha shule. Mama na Dan nitawaacha waseme wanavyosema.

Ulipopiga simu ulishauri tuuze kiwanja cha Baba kabla hakijakosa thamani, kisha mtandao ukakatika. Sasa nakueleza yote kwa utulivu, nawe utaona kwa nini jibu langu ni hapana.

Unajua ule uwanja mpana nyuma ya kanisa dogo, barabara ya Kambove. Wamejenga pale kiwanda cha kuosha madini ya shaba. Kimechimba visima virefu, na pampu zake zinavuta maji mchana na usiku. Kiangazi kilichopita kisima cha Mama, ambacho tangu Baba akichimbe hakijawahi kukauka, kilibaki tope. Maji machache yaliyosalia yalikuwa na ladha ya chuma. Kwa majirani ilikuwa vilevile. Wanawake wakaanza kushuka mtoni na mabidoni, yale madumu ya plastiki, na Mama akiwa katikati yao na magoti yake yale.

Kiwanda kikaleta lori la maji. Lakini aliyetaka kuteka alipaswa kwanza kutia sahihi kwamba hana madai yoyote na kwamba yuko tayari kuuza kiwanja chake. Wengi walitia sahihi, wala siwalaumu, maana walikuwa na watoto wachanga. Mama alikataa. Alimwambia yule kijana wa lori, "Minye siombi lori, minaomba kisima yangu. Ile mayi ilikuwa hapa mbele benyewe bafike."

Yaya, miaka hii yote ya uavoka, huu uwakili wangu, nimetetea ndoa, urithi na mipaka ya viwanja. Kesi ya maji sikuwa nimewahi kuishika. Nikakaa chini nikaisoma sheria yake kama mwanafunzi. Ni wazi kuliko nilivyotegemea. Maji ya chini ya ardhi si ya mwenye pampu, ni ya taifa. Kiwanda kinavuta kwa kibali chenye kipimo, na maji ya kunywa ya watu yanatangulia. Nikawaandikia kwa heshima. Wakili wao, Maître Germain, alijibu kwamba ni ukame tu. Basi nikaenda mahakamani kwa niaba ya Mama na majirani waliokubali kusimama naye.

Kilichoniuma ni mdogo wetu Dan. Sijui kama alikuambia kwamba kazi yake pale kiwandani ndiyo kuangalia zile pampu. Jumapili moja baada ya misa alinikuta kwa Mama.

"Weye yaya, unapenda nikose kazi?" aliniuliza. "Batoto bangu batakula sheria?"

"Dan, minye sishitaki kazi yako. Minashitaki pampu."

Aliondoka bila kugusa chakula. Tangu siku hiyo, akiona gari langu mlangoni kwa Mama, alikuwa anapita tu. Mama hakunilaumu, lakini alipunguza maneno. Nilifikiri kumpa wakili mwenzangu faili. Sikumpa, kwa sababu nilijua kesi ni nzuri, na nilijua Dan hana ubaya.

Mbele ya jaji, Maître Germain alirudia ukame, ukame. Sikushindana naye kwa maneno. Nilimwomba mama jaji aamuru pampu zizimwe kwa siku chache kabla mvua haijanyesha, kisha aje mwenyewe kuangalia kisima. Kisima kikibaki kikavu, naondoa kesi. Nyuma yangu nilisikia majirani wakinung'unika. Lakini nilikuwa nimemwuliza mtaalamu wa maji kule Lubumbashi, naye alinieleza kwamba mwamba wa kwetu umejaa nyufa, maji hupita humo upesi. Nilimwamini. Jaji akakubali.

Siku ya kuzima tulikwenda kiwandani sote. Dan alizima pampu bila kunitazama. Kukawa kimya ambacho watu wa pale walikuwa wamekisahau.

Tuliporudi na jaji kukagua, jua lilikuwa kali na angani hakuna wingu hata moja. Mama alikataa kusaidiwa. Alishusha ndoo mwenyewe, na sote tukasikia ikipiga maji. Si tope, yaya. Maji. Ndoo ikapanda imejaa.

Jaji aliinama kutazama ndani. "Mama, zamani ilikuwa namna hii?"

"Zamani ilikuwa karibu zaidi," Mama akasema. "Lakini iko inakuya."

Dan alikuwa amesimama kando ya ua na wenzake wa kiwandani. Akaja pole pole, akashika kamba mkononi mwa Mama. "Acha, mama, minye njo nitavuta." Akawavutia majirani mmoja baada ya mwingine, mpaka shati likalowa jasho. Mimi niligeuka nikajifanya nasoma faili, maana avoka halii mbele ya jaji.

Wiki iliyofuata kiwanda chenyewe kiliomba mapatano, nasi tukayatia sahihi mahakamani. Pampu zina kipimo sasa, na watu wa serikali wanakisoma. Maji ya kuoshea madini yanazungushwa yatumike tena, kwa hiyo hakuna mfanyakazi aliyeachishwa, Dan akiwemo. Bwawa lao la maji machafu linawekwa sakafu mpya. Zile sahihi za kwenye lori zimefutwa zote.

Sikufichi kwamba haijaisha. Maabara bado inaona chuma kidogo kisimani, ingawa kinapungua. Mpaka kiishe, lori linaleta maji ya kunywa bila masharti, na ya kisima ni ya kufua na bustani. Majibu ya maabara yanabandikwa mlangoni pa kanisa ili kila mtu ajue. Tutafika. Kwa hiyo kiwanja hatuuzi.

Watu wa Kapolowe wamesikia, wamenifuata kuhusu mabwawa yao ya samaki. Jumamosi nakwenda kuyaona.

Shekina wa Dan amepata komunyo ya kwanza. Tulikula pamoja, na Dan ndiye aliyenipakulia.

Nisalimie watoto wako, Elikia na Jessy, na wale Wakatanga wenzako wa parokia. Mungu akulinde njiani na kukurudisha mlangoni kwako kila safari. Mama amesimama nyuma ya kiti changu, ananiamuru niandike: "Bertin, fika Noeli na batoto. Balale hapa kwetu, hapana ku hoteli."

Ni mimi mdogo wako nikupendaye sana,

Orpha