Farasi wa Sinema Hawanywi Maji

Jumapili, 1 Juni 1980

Tuna televisheni! Bado siamini. Mhindi mmoja wa Ngara anahamia Kanada, akataka masanduku ya bati ya kusafirishia vitu vyake. Baba akamtengenezea, kazi safi, kona zote zimepigiliwa ribiti — na malipo ndiyo haya. Inatumia betri ya gari. Imeletwa hapa kwetu Shauri Moyo kwa mkokoteni, imefunikwa blanketi, na Baba akitembea pembeni ameishika kama anapeleka mgonjwa hospitali.

Jioni picha ilikuwa mvua tupu. Baba akapanda juu ya paa na waya na kifuniko cha sufuria. Mimi mlangoni napiga kelele: bado! bado! hapo hapo, usisonge! Akishuka, picha inapotea. Anapanda tena. Mwishowe jirani yetu Mama Kisilu, yule fundi wa nguo, akaacha cherehani yake akatoka nje. Akauliza kama mzee Gachanja anataka kuvunjika kiuno kwa ajili ya habari za Kiingereza asizozisikia.

Baba akacheka. Huko huko juu, kwa sauti. Tangu tumzike Maitu, mama yangu, sijasikia kicheko hicho.

Jumamosi, 7 Juni

Chumba kimejaa! Tumevuta kando pazia linalogawa chumba, watu wamekaa mpaka kitandani kwangu. Rafiki yangu Apondi, ambaye tunashona naye mashati kule kiwandani Industrial Area, amekuja na njugu. Mama Kisilu alikuja na kigoda chake mwenyewe, ati hakai kwa watu kama mgeni wa harusi.

Sinema ya watu wa farasi. Mtu mmoja anarudi mji wa kwao kulipiza kisasi, vumbi, bastola, mlango wa baa unapigwa teke. Vijana wanashangilia. Katikati ya risasi Mama Kisilu akasema kwa huzuni kabisa: "Hawa farasi wamekimbia tangu asubuhi na hakuna hata mmoja aliyewapa maji."

Baba akasema farasi wa sinema hawanywi maji.

"Nani amekwambia? Wewe ni mfugaji?"

"Mimi ni fundi wa bati."

"Basi kaa na bati yako."

Jambazi akafa na hakuna aliyemwona — sote tulikuwa tunawatazama hao wawili. Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Lakini kweli! Sasa hata mimi naona farasi tu. Hakuna aliyewapa maji.

Jumapili, 15 Juni

Leo ya Kihindi. Mfinyanzi anampenda msichana wa ng'ambo ya mto, daraja linachukuliwa na mafuriko, nyimbo, nyimbo, tena nyimbo. Hatujui Kihindi hata neno. Mama Kisilu alikuwa anatufasiria! Kwa uso tu. "Sasa mama mkwe anamwambia, wewe huna adabu." Baba: hapana, anamwambia chakula kimeungua. Wakabishana. Halafu betri ikaanza kufa. Picha ikajikunja, ikawa kama bahasha, kama stempu — kisha giza. Na yule msichana bado yuko majini!

Zogo! Kila mtu akamaliza hadithi kwa njia yake. Apondi alisema amezama. Mama Kisilu akakataa katakata, mfinyanzi amemvuta kwa kamba. Baba, ambaye kwa kawaida anasema "mm" na "haya" tu, alieleza kwa mikono jinsi ya kutengeneza daraja upya, vyuma vikiwa hapa, misumari pale, na mfinyanzi avuke taratibu kwa miguu kama mtu mwenye heshima zake. Mama Kisilu akamwuliza: na akifika ng'ambo atasema nini?

Baba akashusha mikono. Halafu akasema hajafika huko bado.

Nimeiandika kwa sababu sikupenda jinsi walivyotazamana. Au nilipenda. Sijui.

Jumatano, 18 Juni

Mchezo wa Kiswahili wa studio. Mume akabamiza mlango, ukuta mzima ukatikisika! Ni kadibodi. Baba amesononeka kuliko mke aliyeachwa. Anasema wangemwita aweke hata bati mbili.

Mama Kisilu amemtengenezea Baba kola ya shati. Ilikuwa imechakaa, ni kweli. Nami ninashona mashati mchana kutwa na sikuiona.

Jumapili, 22 Juni

Leo haikuwa nzuri. Sinema ya Wazungu, mzee aliyefiwa na mke anapika uji unaungua kila asubuhi, na mwalimu wa kike, jirani yake, anamletea mkate. Pole pole, haina risasi wala nyimbo. Mimi niliipenda sana. Mzee huyo alikuwa anavaa kofia kwenda kuchukua mkate mlangoni kwake mwenyewe! Kisha Apondi na mdomo wake: "Ee, kumbe hata huko majuu wanafanya kama hapa kwetu."

Watu wakacheka. Baba akainama kufunga kamba za viatu ambavyo hakuwa amevaa. Mama Kisilu alichukua kigoda chake akasema ameacha maharagwe motoni. Haikuwa kweli, nilipita kwake saa ile ile kutafuta kiberiti, jiko lilikuwa baridi.

Jumatano, 25 Juni

Bombani wamepata la kusema. Ati Mama Kisilu hafuati televisheni, anafuata mwenye televisheni. Nilijifanya sisikii, nikajaza ndoo yangu. Yeye alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Alisikia yote.

Hakuja leo.

Jumamosi, 28 Juni

Hakuja. Nilidhani nitafurahi. Miaka mitatu tumekuwa wawili, mimi na Baba, na chumba kina picha ya Maitu ukutani na kila kitu pale alipokiacha. Nani alimwomba mtu kuleta kigoda?

Lakini leo kulikuwa na vichekesho, mtu mnene anapakwa rangi usoni akidhani ni sabuni, na Baba hakucheka. Akageukia upande ambao kigoda hukaa, mdomo umeshafunguka kusema kitu. Akaufunga. Kisha akaizima. Watu wamejaa, yeye anazima! Akasema betri inataka kuchajiwa. Nilikwenda naye kuichaji jana.

Jumatatu, 30 Juni

Nimekwenda kwa Mama Kisilu. Baridi ya Juni inaingia mpaka kwenye meno, lakini alikuwa anashona mlango wazi, apate mwanga. Nikamwambia kuna ya farasi Jumapili, nimesikia kwa redio.

"Farasi wamepata maji?"

"Bado."

Alitabasamu, akakata uzi kwa meno. Akasema yeye si mtoto wa kufukuzwa na maneno ya bomba, ameyasikia makubwa zaidi tangu mume wake alipokufa na kumwachia Kisilu mdogo. Sasa Kisilu ni mtu mzima, yuko Mombasa, amefanikiwa. "Lakini Lydiah, nyumba ile ina mwenyewe. Mwenyewe hajaniita hata siku moja. Nilijileta."

Nyumbani nilimwambia Baba tu kwamba Mama Kisilu anasalimia. Amepiga pasi shati usiku huu. Mwenyewe. Akaunguza mkono wake kidogo.

Jumapili, 6 Julai

Naandika haraka, nimekaa kitandani, pazia limefungwa.

Sinema ilianza, farasi, vumbi, watu wamejaa. Katikati Baba akasimama. Shati la pasi, koti la kanisani, kofia. Akapita mbele ya kioo cha televisheni bila kuomba radhi, watu wakalalamika, akatoka. Apondi alichungulia dirishani akawa ananitangazia: amepiga hodi! amevua kofia! anaongea! Mama Kisilu ameshika kiuno! Sasa hakuna anayetazama sinema.

Wamerudi pamoja, yeye na kigoda, Baba nyuma. Baba akawaomba watu wote watupishe. Kwa adabu, lakini wote. Apondi alikataa kutoka mpaka nikamsukuma!

Kisha Baba akaniambia, akitazama viatu vyake: amemwuliza, naye amekubali, ila amesema jibu lake halitoshi, liko lingine kwangu. Kwamba kama nitasema hapana, watabaki majirani na hakuna atakayenichukia.

Nikasema nipeni dakika moja. Ndipo nikaja huku.

Nimemtazama Maitu ukutani. Nimelia kidogo, si vibaya. Upande wa pili wa pazia farasi bado wanakimbia. Baba amekohoa. Mama Kisilu anaosha vikombe ambavyo niliviosha asubuhi, vinagongana, na hiyo ni mikono ya fundi!

Nimeita. "Mama!" Bila Kisilu. Limetoka tu hivyo.

Vikombe vimenyamaza. Naona vidole vyake kwenye ukingo wa pazia —