Zuwena Anaomba Ridhaa

Jumatano, 12 Novemba. Mwaka na miezi minne tangu nitoke Dar kuja kupakia mizigo huku ughaibuni.

Mgongo unauma, lakini leo nimecheka. Asubuhi tulifunga magitaa ya umeme ya Papa Ilunga, anayepeleka mzigo Lubumbashi. Nikaligonga moja kwa kidole. Pembeni lilitoa sauti ya debe tupu, katikati sauti ya gogo.

"Papa, hili limeliwa na wadudu."

"Aah, ndugu, weye unajua makartoni tu," akasema. "Iko na tumbo wazi pembeni, na mti mzima katikati. Bila ule mti, ukiongeza sauti, inapiga makelele."

Wapakiaji wote wakanicheka, na mimi pia.

Saa ya kula akapiga simu mwanangu Zuwena. Amepewa pambano la kwanza la kulipwa.

"Baba, naomba ridhaa yako nitoke kwenye ngumi za ridhaa."

Mara mbili nimemkatalia, kwa kuogopea kichwa chake. Nikamwambia kidevu chake ni chembamba kama cha mama yake.

"Si ndiyo vigumu kukilenga, baba?"

Ana miaka ishirini na mbili, angeweza kusaini bila kuniuliza. Amenisubiri. Nikasema asaini. Labda bila kile kicheko cha asubuhi ningekataa tena.

Bado naogopa. Pambano ni mwishoni mwa Februari, na bosi nimeshamuaga. Nitatua Dar wiki moja kabla, nikae karibu na ulingo, hata kama nitafumba macho.