Utani wa Maganga na Gazeti Langu

Alhamisi. Jua kali, vumbi tangu asubuhi.

Karani wa mahakama ya boma ameniambia saa nne kwamba kesi ya Maganga itasikilizwa Jumatatu, na kwamba ushahidi mkubwa wa serikali ni gazeti. Gazeti hilo ni letu. Habari hiyo niliiandika mimi.

Maganga ni fundi cherehani wa Itetemia, hapa Tabora. Jumamosi husimama kando ya pazia la sinema mjini akiwafasiria watu picha za serikali. Wazungu hukaa roshani, Wahindi kwenye viti, sisi kwenye mabenchi ya mbele, shingo juu.

Picha ya wiki iliyopita ilionyesha mji mkubwa wenye watu wa kila rangi. Askari mweusi anamkimbiza mwizi mweusi, anamkamata, anampeleka kwa ofisa Mzungu, anapiga saluti. Mwenye duka, Mhindi, anampa ofisa mkono. Askari hasemi neno tangu mwanzo hadi mwisho. Katika mji mzima ule, mtu mweusi ni mwizi au ni askari. Wa tatu sikumwona.

Maganga akamtafutia askari yule kabila.

"Mzaramo huyo! Mnadhani anamfukuza mwizi? Amesikia harufu ya ubwabwa!"

Ukumbi ukacheka. Mlangoni alisimama Konstebo Salehe, Mzaramo wa kweli. Hakuvumilia.

"Funga domo, Mnyamwezi! Mzigo wa babu yako bado uko Bagamoyo, kaubebe!"

"Aliutua kichwani kwa babu yako!"

Hapo hata mabenchi yalitikisika. Juu roshani, Inspekta, Mzungu, hakucheka.

Niliandika hivi: mfasiri alisema askari anakimbilia chakula, na watazamaji wakamcheka askari. Kila neno lilikuwa kweli.

Sikuandika kwamba ni utani. Nani Tabora anahitaji kuelezwa kuwa Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu hadi pwani? Jibu la Salehe nililiacha kwa makusudi, maana askari hatakiwi kupiga domo akiwa kazini. Nilidhani namsitiri.

Gazeti likafasiriwa kwa Kiingereza, likafika mezani kwa Inspekta. Jumanne Maganga akashtakiwa kwa kuwachochea watu waidharau polisi. Akipatikana na hatia, atafungwa.

Aliyetumwa kumkamata ni Salehe.

Nilikuwa barazani pa boma walipofika. Salehe alimkabidhi Maganga kwa Inspekta, akapiga saluti, akageuka bila kusema neno. Nilidhani naiona ile picha mara ya pili.

Leo saa nane nilimfuata Salehe nyumbani kwake. Ni mkubwa kwangu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja kuniandika na mimi?"

Nikamweleza. Bila jibu lake, maneno ya Maganga yanabaki kuwa matusi ya mtu mmoja. Jibu lake likitajwa, itaonekana wazi kwamba walikuwa wawili wakitaniana. Lakini likitajwa, huenda yeye akavuliwa mkanda na kufukuzwa kazi.

Alifuta vumbi kwenye buti moja.

"Baba yangu alipofariki," alisema, "Maganga alikuja akajilaza ndani ya kaburi, akakataa kutoka mpaka tumpe kuku. Watu waliokuwa wakilia wakacheka. Mtu kama huyo nimwache afungwe kwa ajili ya ubwabwa?"

Nikamuuliza kama nina ruhusa yake.

"Sema nilimjibu. Ila usimpe yeye neno la mwisho, mshenzi yule."

Nikamwambia neno la mwisho lilikuwa la Maganga, na mahakamani nitakula kiapo.

"Basi sema kweli," akasema. "Atanisumbua nalo maisha yote."

Kwa miaka mingi nimeamini kwamba mwandishi akiandika aliyoyasikia, kazi yake imekwisha. Niliyasikia maneno yote matatu, nikaandika moja. Sina udhuru.

Nimempelekea karani barua ya kuomba kutoa ushahidi, na ameipokea. Jumatatu, saa tatu asubuhi, mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya anayeamua kesi. Mzungu yule atataka kuelezwa utani ni nini. Nitaanza na kuku wa kaburini.