Firigisi Niliyopewa kwa Sababu ya Theluji

Jumatatu, Februari. Jua la Kitale limekausha hata mate. Vumbi limeingia mpaka kwenye kibodi ya kompyuta ya saiba hii. Sina raha. Tangu jana mchana najionea kinyaa, na ninaandika hapa kwa sababu kule kwa mume wangu, Kabuchai, hakuna anayejua blogu ni kitu gani. Woga mtupu.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Kwa miaka kumi na mmoja nimewafundisha wasichana wa hapa kusema «il neige», theluji inaanguka, huku wakijipepea kwa madaftari. Theluji yenyewe nilikuwa sijaiona hata siku moja. Mwezi uliopita ndipo nikapelekwa Besançon, mji wa Ufaransa, kwa mafunzo ya wiki tatu.

Asubuhi ya kuondoka, theluji ikafunga reli. Mpaka hapo sijasema uongo.

Kabla ya saa sita tukatangaziwa pale kituoni kwamba kuna basi la kwenda Paris. Lingenifikisha kwenye ndege yangu ya usiku bila shida. Lakini watu wa ndege nao walikuwa wamekubali kumbadilishia siku yeyote aliyekwamishwa na theluji. Wenzangu wakakimbilia basi. Mimi nikabaki na sanduku langu, nikitazama nje ya dirisha mambo ambayo nimeyafundisha nusu ya ujana wangu.

Nikampigia mume wangu, Baba Neema, simu ya kibandani. Alikuwa Kabuchai akilimisha, akampa mamake aongee nami. Mama akauliza theluji ni nini. Kadi ya simu ilikuwa inaisha, nikajibu la kwanza lililonijia: "Ni kama mvua ya mawe, Mama. Imefunga njia zote. Hakuna gari." Neno "basi" sikulitaja.

Kisha nikaenda kujifurahisha.

Nisiwe mnafiki hapa pia. Ilikuwa siku tamu. Nilitembea kando ya mto viatu vikilia kru, kru. Niliokota theluji nikaitia mdomoni, mwanamke mzima wa miaka thelathini na tisa. Hakuna aliyeniita mwalimu, wala mama, wala mke wa fulani. Niliingia mkahawani nikaagiza viazi vilivyomwagiwa jibini iliyoyeyushwa, jibini yenye harufu ya soksi zilizoanikwa kivulini. Wiki tatu nilikuwa nikiikimbia. Siku hiyo niliila yote, nikakwangua sahani, nikaongeza ya pili. Mwenye mkahawa akaniuliza Kifaransa changu nilijifunzia wapi. Nikamwambia Bungoma. Nilikaa pale saa tatu nzima nikitazama watu wakiteleza.

Ijumaa nikafika nyumbani. Jana, Jumapili, tukaenda Kabuchai kusalimu.

Tukiwa njiani Baba Neema akasema, kama anayezungumzia bei ya mahindi, "Mama alifunga kwa ajili yako, unajua? Ile siku ya mawe. Akakataa hata chai." Mama mkwe wangu ana miaka sabini na kitu, na ana vidonda vya tumbo. Daktari alimkataza kabisa kukaa na njaa. Alikesha akitapika, akalala kitandani siku mbili. Kwetu mvua ya mawe ikipiga robo saa inamaliza shamba la mahindi, na kuku wanaokotwa wamekufa. Yeye alikuwa ananiona chini ya mvua hiyo kutwa nzima.

Hapo ndipo ningesema. Gari lilikuwa na watu wawili tu, mimi na Baba Neema. Nikauliza kama wamemaliza kulima.

Kanisani wakanisimamisha nitoe ushuhuda. Nilisema Bwana asifiwe. Nilisema njia zote zilifungwa. Kisha, Mungu wangu, nikaongeza upepo! Hakukuwa na upepo wowote. Kina mama wakapiga vigelegele, na Mama akasimama kwenye benchi la mbele, amekonda, kitambaa kimemlegea kichwani, akainua mikono.

Nyumbani alikuwa amechinja jogoo wake mwekundu. Firigisi kwao ni ya mwanamume mwenye boma. Mwanamke hapewi, sembuse mkaza mwana. Mama akaipita sahani ya mwanawe, akaniwekea mimi juu ya ugali.

"Mama, hiyo si yangu."

"Kula. Wewe ndio umetoka kwa mdomo ya kifo. Huyu atakula ingine siku ingine."

Baba Neema akacheka, akasema sawa tu. Nikaitia mdomoni. Nilitafuna, ikakataa kwenda. Mama akawa ananitazama kwa furaha.

"Na hiyo siku ulikula nini huko, mwanangu? Ama pia maduka ilifungwa?"

Ningeweza kunyamaza tu. Nikasema, "Sikula kitu, Mama."

Akanishika mkono. "Basi tulifunga pamoja."

Nikameza.

Sijutii theluji. Ningesema nimechoka, nataka siku moja yangu, labda wangenuna kidogo, na yangeisha. Kinachonichefua ni huu mdomo wangu. Ulikula jibini, ukala sala za watu, ukamalizia na firigisi.

Leo niliamka nimeazimia kufunga, nimlipe Mama siku yake. Saa nne kengele ya chai ilipolia, nilikuwa wa kwanza kwenye sinia la mandazi. Nilikuwa nimekula mawili kabla sijakumbuka. Mwenzangu mmoja akanipa pole ya mawe. Habari imeshafika hadi huku.

Jumamosi ninarudi Kabuchai peke yangu. Nimempigia Mama kumwambia, akauliza anipikie nini. Nimemwambia asipike kitu, nitamkuta jikoni tuongee. Njia nzima nitajaribu kupanga maneno, na najua ulimi wangu utatafuta upepo mwingine wa kuongeza. Kwa hiyo nayaandika hapa, mafupi, niyakariri kama wanafunzi wangu wanavyokariri vitenzi:

Mama, siku ile nilikula. Nilikula nikashiba.