Imbiza ya Mwenyekiti

Jumatatu, 6 Machi 2023
Nimekutupa, daftari langu, tangu Krismasi, na udhuru sina. Naona haya. Mwenye haya hukimbia hata ukurasa mtupu.

Leo sindano ya utafiti tena. Dokta Naicker alitukumbusha: vidonge vyetu huvizuia virusi vya UKIMWI kwenye damu, lakini vingine hujificha ndani ya tezi, vinangoja. Sindano inawatia nguvu askari tuliozaliwa nao, wavifuate hukohuko mafichoni. MaCele, yule anayekaanga maandazi ya amagwinya karibu na stesheni, akasema, "Dokta, askari wangu wamezoea kulala kazini. Wapige mateke!" Tukacheka sote.

Kisha sista wa kliniki akaniomba, mimi mwenyekiti wa washiriki, nirudie onyo kuhusu imbiza, ile dawa ya kienyeji. Nikasimama. Nikasema kwa sauti yangu ya ukaguzi wa shule kwamba mizizi ya kuchemsha haichanganywi na dawa ya majaribio. Wakanipigia makofi — na imbiza ya asubuhi bado ilikuwa chungu kooni mwangu.

Alhamisi, 9 Machi
Dada yangu Bajabulile ameleta chupa nyingine ya imbiza. Huiuza sokoni, miaka yote nimemwita mjinga mbele za watu. "Mheshimiwa mkaguzi," akasema, "leo hunifundishi sayansi?" Alicheka mpaka akashika mlango. Nikamsihi asimwambie mtu.

Sindano ya kwanza ilinitia homa. Niliogopa. Nikadhani askari wa mzee kama mimi hawatatosha, wanahitaji kusaidiwa. Elimu yote ile!

Ijumaa, 10 Machi
Kliniki wamepiga simu. Vipimo vya ini langu vimepanda vibaya. Dokta Naicker akauliza kwa upole kama nimekunywa kitu kingine chochote. Nikajibu: hapana. Sikusita hata kidogo. Basi ni sindano, akasema. Wanaisimamisha kwa watu wote, na Jumatatu kutakuwa na kikao cha kuamua kama utafiti ufungwe. Akaniomba radhi. Yeye — aniombe radhi mimi!

Chupa sijaigusa tena.

Jumapili, 12 Machi
MaCele aliningoja kwenye lango la kanisa; habari za ini langu zilikwisha kumfikia. Kumbe askari wake waliamka kweli: mwezi uliopita aliambiwa virusi vilivyojificha mwilini mwake vimepungua. Sasa hana sindano. Nilitazamia lawama. Akanipa amagwinya, za moto bado, zimefungwa vizuri.

"Kula, Baba. Umeumia kwa ajili yetu."

Nilikosa pa kuweka macho.

"Kesho watakusikiliza wewe," akaendelea. "Sisi wengine tukisema wataona tunapiga kelele tu. Waambie wasituzimie taa."

Nikamwambia nitasema. Nitasema nini?

Amagwinya zimepoa mezani, haziliki. Chupa ya Bajabulile iko dirishani, imebaki nusu. Nimeizungushia gazeti niende nayo kikaoni, waione kwamba huenda kosa si la sindano. Nikaifungua. Nimeifunga tena. Nikiisha kuamua kama nitaingia nayo au nitaingia mikono mitupu, nitaandika hapa.