Gunia Kutoka Kuresoi

Free Area, Nakuru

Mjukuu wangu Nafula,

Huku hatujambo. Babu yako goti limetulia, na ng'ombe wetu mwekundu amezaa ndama jike. Kwaya imeshakutengea kiti.

Unasema imebaki wiki moja umalize misheni huko Malawi, na unauliza kama ulifanya chochote, maana hata mama jirani umeshindwa kumleta kanisani.

Nami nilipokuwa msichana mhubiri kule Kuresoi nilikuwa na jirani wangu kama huyo, Mama Chebet. Siku ya mwisho nilimwendea na Biblia kwapani, nimpe neno la kumuaga. Nikamkuta shambani. Akanipa jembe.

"Panda kwanza, tutaongea."

Tukapanda viazi mpaka mvua ikatufukuza, tukaingia jikoni kunywa chai. Neno gani tena? Mgongo ulikuwa umekufa, tukabaki kucheka tu. Kesho yake nikapanda lori la viazi, nikarudi nyumbani.

Viazi vilipokomaa, dereva yuleyule alishusha gunia mlangoni kwetu.

"Limetoka kwa Mama Chebet. Anasema aliyepanda ana fungu lake."

Mama yangu akalitazama lile gunia, akafurahi. "Kumbe alikuja kuokoka?"

"Hapana, mama," nikamjibu. "Lakini ni mtu wangu."

Basi nenda ukamuage huyo jirani yako. Ukimkuta anafua, Biblia iweke pakavu, ushike nguo mfue.

Kukhu wako anayekungoja,
Mama Wekesa